Mwalimu, achia hiyo waya

Hivi nani aliwaambia watu kwamba maonyesho ya sayansi ni mashindano ya kukariri? Juzi nimezunguka meza za wanafunzi, taa za LED zinawaka, vifeni vinazunguka, kengele ya kupima maji inapiga kelele, kila kitu kisafi. Nikamuuliza kijana mmoja, ukiitoa hii rezista inayopunguza umeme itakuwaje? Saketi hata hakuitazama, akamtazama mwalimu wake. Na mwalimu bila aibu akajibu yeye.

Halafu tunaambiwa hizi projekti zinawajengea wanafunzi kujiamini. Kujiamini gani, wakati mtoto amesimamishwa mbele ya kitu ambacho mikono ya mtu mzima ndiyo imekifunga, naye moyoni anajua kabisa kikizima hapa amekwisha?

Mimi naona projekti ya umeme inaanza kumfaa mwanafunzi pale inapogoma. Taa ikiwaka mara ya kwanza anafurahi, anapiga picha, basi imeisha hiyo. Lakini ikikataa, sasa kuna kazi. Labda LED ameigeuza, guu refu lililotakiwa kwenda chanya kaliweka hasi. Labda miguu yote miwili kaichomeka kwenye safu moja ya yale matundu matano ya bredibodi, ule ubao wa kuchomekea vifaa bila kulehemu, matundu ambayo chini yameunganishwa na bati moja, kwa hiyo umeme unapita kwenye bati na taa inaachwa pembeni. Labda ile laini ndefu ya pembeni inayogawa umeme imekatika katikati, maana bredibodi nyingine ndivyo zilivyo na hakuna anayekuambia. Labda betri yenyewe imekufa! Anachukua mita ya kupimia volti, anapima kwenye betri, volti zipo, anasogea kwenye laini, zipo, anasogea tena, hazipo. Aha. Hapo hajaambiwa na mtu, kakamata mwenyewe, na hiyo "aha" huwezi kumpa mtu kama zawadi, ndiyo maana mwalimu anayeruka kuja kuchomoa waya na kuirekebisha eti kusaidia, mimi namwita mwizi. Kaiba kitu pekee chenye thamani kwenye kile kipindi.

Na wala sijayatoa kichwani haya. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliyaandika mwaka 1977, kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake inajengwa zaidi na yale aliyoyaweza yeye mwenyewe, kuliko kuona wenzake wakiweza, na kuliko maneno ya kutiwa moyo. Sisi bado tunang'ang'ana na "unaweza, unaweza!"

Kuna binti mmoja namkumbuka, mpole kweli, darasani hanyooshi mkono. King'ora chake kilikuwa kinalia bila mtu kugusa swichi. Wenzake wakacheka, eti kina mashetani. Akagundua akisogeza kiganja karibu na waya kinalia, akiondoa kinanyamaza, akakaa na hilo jambo muda mrefu hadi akaona pini ya kusomea swichi inaelea tu, haijashikwa popote swichi ikiwa wazi, kwa hiyo hata kiganja kikikaribia inadhani swichi imebonyezwa. Akaweka rezista ya kilo-ohm 10 kwenda hasi, kimya. Baada ya hapo ndiye aliyekuwa anazunguka meza za wengine akiuliza, "umepima?" Umeme haujui nani wa kwanza darasani na nani wa mwisho, na mtoto aliyezoea kuwa wa mwisho hilo analisikia vizuri sana.

Hata ile kanuni ya Ohm, mkondo ni volti gawa kwa ohm, inabadilika sura. Betri ya volti 9, LED nyekundu inachukua kama 2, zinabaki 7, ukiweka rezista ya ohm 470 zinapita kama miliampea 15. Kwenye daftari ni swali la kukariri. Ila akihesabu kwanza, halafu aweke mita aone namba inakaribia ile yake, utaona macho yanavyomtoka.

Haya, najua, vipindi vifupi, silabasi ndefu, wanafunzi wengi vifaa vichache. Nakubali, kwa shingo upande. Na umeme wa ukutani mwalimu aushikilie kabisa hapo simlaumu, hata kapasita za elektroliti, zile za kuhifadhi chaji, ziangaliwe, ukizigeuza zinaweza kupasuka. Lakini LED moja ikiungua si msiba.

Wale wa kunakili programu mtandaoni na kuipakia kwenye Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta, nao tusiwasahau. Mwambie tu afanye taa ipepese haraka mara mbili ya ilivyokuwa, dogo anaduwaa. Na kwenye makundi yule anayepewa kalamu aandike ripoti, mara nyingi msichana, huku mwenzake kashika vifaa mwanzo hadi mwisho, halafu mnaandika "kundi zima limeshiriki". Mnamdanganya nani?

Shida kubwa ni maksi, mnazitoa taa ikiwaka. Mimi ningetoa nusu nzima kwa karatasi ya hitilafu, nini kiligoma, ulishuku nini, ulipima wapi, ukakuta nini. Ambaye saketi yake haijawaka lakini anajua tatizo liko wapi ampite aliyebahatisha. Mtasema hicho kitu hakisahihishiki. Mbona insha mnazisahihisha?