Wateja Wake Wote Hulala Fofofo

Wiki ya tatu bila usingizi, nikamkamata mchawi. Alikuwa ananing'inia katikati ya dari: balbu ya LED ya wati 12, boksi lake limeandikwa 6500K. Huo ni weupe uliojaa buluu, mwanga wa saa sita mchana. Nyuma ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha vitu, ni kupima kama kumekucha au kumekuchwa, na kinachoziamsha zaidi ni buluu ya nanomita 480 hivi. Zikiipata usiku, ubongo unachelewa kutoa homoni ya melatonini, na mwili haupati habari kwamba giza limeingia. Wekundu hauzisumbui sana.

Basi nikatafuta taa nyekundu. Maduka ya umeme yalikuwa na za disko tu. Kwenye duka la pembejeo, muuzaji akanitolea balbu nyekundu, nono kama embe dodo.

"Chukua hii. Wakiwashiwa, wanalala fofofo."

Sikuuliza kina nani.

Ilikuwa taa ya kulelea vifaranga. Wati 250! Imetengenezwa itoe joto, mwanga ni nyongeza tu. Wafugaji huitundika kama sentimita 45 juu ya vifaranga, wapate nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza. Mimi niliitundika juu ya kitanda, Dar es Salaam, mwezi wa pili, dirisha nimeliziba kwa blanketi ili taa ya barabarani isipenye.

Mwili hausinzii vizuri mpaka joto lake la ndani lishuke kidogo. Wangu ulikuwa unaokwa. Hata hivyo nilivumilia siku tatu, mgongo nimeubandika ukutani palipo na ubaridi, nikijiambia dawa chungu ndiyo inayoponya.

Usiku wa nne ikaja harufu. Holda yangu ilikuwa ya plastiki, na nyingi za aina hiyo hazitakiwi kuzidi wati 60. Taa ile inataka holda ya kauri, tena ishikwe na mnyororo, isining'inie kwa waya. Nikafumbua macho nikaona balbu inanijia taratibu, kama shangazi anayechungulia sufuria. Niliruka hadi kwenye swichi. Nashukuru sikuikamata kwa shuka lililoloa jasho. Kioo cha moto kikiguswa na maji hupasuka.

Asubuhi mzee mwenye nyumba akagonga. Luku ya umeme tunachangia wapangaji sita.

"Kijana, unachomelea mageti humo ndani?"

Nikapiga hesabu mbele yake: kuiwasha kwa muda wa saa tano kila usiku ni uniti moja na robo, siku nne uniti tano. Saa moja ya taa ile ni karibu saa 21 za balbu yangu ya zamani. Hakufurahishwa na hesabu.

Nyuma yake amesimama mama wa chumba cha tatu na boksi linalolia. Aliona wekundu chini ya mlango.

"Mwanangu, kumbe na wewe unafuga! Nipokelee na hawa. Jana moshi wa mkaa umeniulia wawili."

Taa nikampa yeye, pamoja na hela ya holda ya kauri. Luku wameshaelewana na mzee. Mimi sasa nina balbu ya wati 3 yenye mwanga wa njano, 2700K, iko chini usawa wa goti, imegeuzwa ukutani. Naiwasha baada ya isha, ile ya dari naizima. Simu nashusha mwanga mpaka mwisho, maana kuipaka unjano peke yake huku inawaka kama tochi ni kujidanganya.

Juzi mama akaniita nione anavyopima joto bila kipimajoto. Vifaranga wakirundikana chini ya taa, wanasikia baridi. Wakitawanyika wakatulia, joto limewakaa.

"Na wakijibanza ukutani?" nikauliza.

"Hao wanaungua, mwanangu. Hata kifaranga wa siku moja anajua kukimbia."