Kiini cha jino kihukumiwe kwa damu, si kwa maumivu peke yake

Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha. Wazazi wengi hulidhani la utoto na kuliacha lioze. Likianza kuuma akiwa na miaka 8, ncha za mizizi yake bado ziko wazi, na kiini kilicho hai, ile nyama laini ya ndani ya jino yenye damu na neva, ndicho kinachomalizia kuzijenga. Kuling'oa, au kukitoa kiini chote kwa sababu tu mtoto hakulala usiku, naona ni haraka isiyo na sababu.

Kiini kingi huponzwa na usafi uliopitiliza wakati wa kukwangua uozo. Kingo za tundu zikwanguliwe mpaka dentini ngumu, yaani tabaka la jino linalozunguka kiini, la sivyo kijazo hakitashika. Sakafuni, palipokaribia kiini, acha dentini laini ibaki kama jino halina dalili za kiini kuugua. Bakteria waliofungiwa chini ya kijazo kisichovuja hukosa sukari na uozo husimama. Na kazi hiyo haidai mitambo: mbinu ya kuchimba uozo kwa vijiko vya mkono na kuziba kwa glasi ayonoma, saruji inayoshikamana na jino, ilianzia hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980.

Kiini kikifichuka, au maumivu yakiwa ya kujianzisha yenyewe na kudumu, ndipo ubishi unapoanza. Zamani maumivu ya namna hiyo yalikuwa hukumu: kiini chote kitoke. Tangu 2021 hata chama cha wataalamu wa mizizi ya meno cha Marekani kinakubali kwamba dalili hizo peke yake hazitoshi kukikatia tamaa. Pima kwa baridi kama jino linahisi, kabla ya ganzi, piga eksirei, kisha fungua utazame.

Jino litengwe na mate kwa kipande cha raba. Bila hicho, afadhali usianze. Kata milimita 2 hadi 3 za juu za kiini kwa kichwa cha almasi kilichotakaswa, keekee ikizunguka kwa kasi na maji yakimiminika. Weka pamba iliyolowa sodiamu hipokloraiti, dawa ya kuua vijidudu, ya kati ya asilimia 1.5 na 5, ukandamize taratibu kwa dakika 5. Pamba kavu isitumike: nyuzi zake hunasa kwenye donge la damu, ukiinua unalibandua. Damu ikikatika, kilichobaki kinafaa. Isipokatika, shuka mpaka kwenye midomo ya mifereji ya mizizi, usubiri tena. Ikiendelea kububujika hata hapo, au usipokuta damu kabisa, basi hapo kweli kiini chote kitoke na mizizi itibiwe.

Juu ya kiini weka MTA, saruji ya unga wa kalsiamu inayokorogwa na maji, unene wa milimita 2 hivi. Kalsiamu hidroksaidi ni rahisi kwa bei, lakini huyeyuka polepole na ukuta unaojengeka chini yake mara nyingi huwa na vitundu. Wanaolalamikia bei ya MTA wana haki, ila hasara nyingine hujitakia wenyewe kwa kuacha paketi wazi ikavuta unyevu. Kwa meno ya mbele kuna tatizo jingine: MTA yenye madini ya bismathi hulitia jino weusi, hasa ikikutana na hipokloraiti. Huko afadhali Biodentine, saruji nyingine ya jamii hiyo, ambayo pia huganda kwa dakika 12 hivi, wakati MTA ya asili huchukua karibu saa 3.

Kinachoharibu kazi nzuri kuliko vyote ni kijazo cha muda. Mgonjwa huambiwa arudi baada ya wiki mbili. Maumivu yameisha, nauli ni ghali, harudi. Kijazo kinavuja, bakteria wanaingia, na lawama anabebeshwa MTA. Weka kijazo cha kudumu siku hiyo hiyo, hata kama foleni ni ndefu.

Mwiteni tena baada ya miezi 6 na 12. Msiridhike na neno "haliumi", maana jino lililokufa nalo huweza kunyamaza. Kiini kikishakatwa mpaka kwenye mifereji, kipimo cha baridi hakiaminiki tena, hivyo eksirei ndiyo shahidi: kwa mtoto, kuta za mzizi ziwe zinanenepa na ncha inafunga, kwa mtu mzima, pasiwe na doa jeusi kwenye ncha. Likitokea, njia ya kutibu mizizi bado ipo, mradi jino lenyewe bado limo kinywani.