Mwizi wa kuku wake mwenyewe

Leo asubuhi nimetoka zangu getini kwa heshima zote, shati limepigwa pasi, kijana wa bodaboda akaniamkia vizuri kabisa, "Shikamoo mzee." Nikaitika marahaba. Akaongeza: "Mzee, wale wa usiku wamebaki?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko, mmoja akalazimika kushuka kwenye pikipiki asije akaanguka nayo. Mtu mzima mimi, nina wajukuu, nimesimamia ndoa za watu, nimekuwa mweka hazina wa kamati ya misiba na hesabu zikatoka sawa. Wacha niseme ilivyokuwa kabla hamjaisikia kutoka saluni.

Nilinunua matemba wanne, kuku wa kike ambao hawajaanza kutaga. Basi. Kwa yule kijana wa tenga anayepita na baiskeli. Anasema ni kuku wa Singida, ingawa siku hizi kila kuku aliyepo Dar es Salaam katoka Singida, hata aliyetotolewa Gongo la Mboto. Mitetea wangu wameanza kuzeeka, wanataga kwa hisani, nikasema niongeze damu changa.

Afisa mifugo akaniambia, mzee, usiwachanganye siku hiyo hiyo. Watenge wiki mbili, ukiweza nne, maana temba anaweza kuingia na ugonjwa wa kideri ukimtazama mzima kabisa, ukija kushtuka banda lote miguu juu. Hapo sina ubishi. Kideri hakina tiba, kina chanjo tu, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na aliyewahi kuzoa kuku wake kwa karai anajua kwa nini mtu mzima anakimbizana na kuku uani kashika kichupa. Nikawatenga. Wapi? Nyumba zetu mnazijua. Stoo ya mkaa. Mama watoto akasema kuku na mkaa wake havilali chumba kimoja. Nikamwambia ni kwa muda tu. Akasema kuku hao yeye hawajui, hajawaona, na asije akaulizwa. Maneno hayo yawekeni akilini.

Washauri ndio usiseme. Jirani akanambia niwapake wote mafuta ya taa ili wanuke sawa, wakati kuku anamjua mwenzake kwa sura na kilemba, hana habari na manukato. Mwingine akasema wape pombe. Mkwe wangu, msomi, akanisomea kwenye simu habari za Mnorwe anaitwa Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeandika mwaka 1922 namna kuku wanavyopangana vyeo: yupo anayemdonoa kila mtu, yupo anayedonolewa na kila mtu, na wa katikati kila mmoja anamjua wa juu yake na wa chini yake. Alianza kuwatazama kuku tangu mdogo, na wasomi wanamtaja mpaka leo. Mimi nikikaa kwenye kigoda nikatazama kuku nusu saa naulizwa kama leo sina kazi.

Cheo cha juu kwangu anacho Kishingo. Shingo tupu, haina unyoya, nyekundu mpaka kifuani, jicho moja linakutazama wewe, la pili linatazama bakuli. Lile banda ni nyumba ya kupanga, na yeye ndiye mpangaji wa zamani: anajua zamu za kufagia, anajua nani hajachangia umeme, na mgeni akiingia na godoro lake anaulizwa karuhusiwa na nani. Jogoo ni mwenye nyumba wa kwenye karatasi. Anakula, anawika, ugomvi ukianza anakumbuka ana shughuli nyuma ya choo.

Nikafanya yote yanayotakiwa. Wiki za kuwatenga zilipotimia nikagawa banda kwa wavu ili mchana waonane bila kufikiana, jioni wageni wanarudi stoo kwa usalama. Wavu wenyewe bei yake tusiizungumze. Kishingo kutwa yuko pale anaudonoa, tk, tk, tk, anapima uimara. Nikaongeza vyombo vya maji, nikaongeza vya chakula, nikaning'iniza fungu la mchicha ili wenye hasira wapate pa kuzimalizia. Chakula nacho kesi. Cha kutagia kina madini ya chokaa karibu asilimia 4, figo za temba haziyawezi. Cha kukuzia kina kama asilimia 1. Sasa waweke pamoja uone nani anakula cha nani. Afisa akasema wape wote cha kukuzia, magamba ya konokono yaliyosagwa weka kwenye bakuli la pembeni, anayetaga atajiendea. Sawa. Nikaenda dukani, bei ya mfuko ikapanda nikiwa nimesimama hapo hapo.

Ikabaki hatua ya mwisho, ya usiku. Kuku gizani haoni. Unamchukua mgeni polepole, unampachika kwenye fito katikati ya wenyeji, kukikucha wanajikuta wamelala pamoja na fujo inapungua. Kila mfugaji analijua hili. Tatizo ni kwamba walinzi hawafugi.

Saa sita usiku. Umeme umekatika, nikasema angalau leo giza lina faida. Nimejifunga msuli, nimevaa singlendi, tochi mdomoni, temba mmoja kila kwapa. Kuku ukimbana mbawa vizuri halii, na hawa hawakulia. Natembea kwa ncha za vidole uani kwangu mwenyewe. Nimefika bandani, nasukuma mlango kwa bega, mara jua likachomoza. Tochi nne, juu ya ukuta wa jirani.

"Shikamoo mzee," ikasema tochi ya kwanza.

"Mahaaba," nikaitika, na tochi yangu mdomoni.

"Weka kuku chini."

Ulinzi shirikishi. Hawa vijana mchango wao natoa kila mwezi, sijawahi kukosa. Yaani nalipa hela yangu, nalindiwa kuku wangu, wasiibiwe na mimi.

Wakaruka ukuta. Nikawaambia, wanangu, hapa ni kwangu. "Wote wanasema hivyo, mzee." Wote akina nani? Nikamwambia mmoja wao, wewe kaka yako mimi ndiye niliyempelekea posa. Akasema, "Tunakujua mzee, ndiyo maana tumekuamkia."

Kumbe shida haikuwa mimi, ni kuku. "Kuku wa hapa tunawajua," akasema mwenye daftari. Wana daftari! "Kuna Kishingo, kuna mweusi, kuna kibutu asiye na mkia, kuna yule mnyonge, na jogoo. Hawa hatuna." Ni kweli mlinzi wa usiku hawezi kuwa nao, jioni wanarudi stoo. Nikaanza kueleza habari za karantini. Wewe jaribu. Usiku wa manane, umevaa msuli, kwapani kuku, eleza karantini. Majirani nao wameshatoka, mmoja kashika mwiko.

"Risiti ipo?"

Risiti ya kuku wa tenga! Najua, nchi nzima tunaambiwa ukinunua dai risiti, lakini nileteeni mtu mmoja aliyewahi kupewa risiti na mtu wa baiskeli, nimpe temba bure na magadi ya kupikia. Wakaandika: hana risiti.

Mjumbe akafika, koti la suti juu ya pajama. Akasikiliza pande zote, yaani upande wao. Halafu akatoa hukumu, akidhani yeye Nabii Suleimani: "Waachieni hao kuku waingie bandani. Kama ni wa humu, wenzao watawapokea."

Nikapiga kelele, hapana! Umati ukaguna. Ikaonekana nimekiri.

Matemba wakawekwa chini. Kwa tochi zile mle ndani kulikuwa mchana kweupe, na Kishingo alishafungua jicho, sijui la kwangu au la bakuli. Temba wa kwanza akaenda hatua mbili. Kishingo akashuka kwenye fito. Hakukimbia, ningesema basi ni hasira. Alitembea. Akainyoosha ile shingo juu ya kichwa cha mtoto wa watu, akasubiri kidogo, akashusha donoo moja la kisogo, manyoya yakapanda kwenye mwanga yakawa yanashuka taratibu na sisi wote tunayatazama. Mweusi akaja. Kibutu akaja. Hata yule mnyonge, ambaye tangu atotolewe hajawahi kumdonoa mtu, akajitokeza naye aonje madaraka. Temba wa pili kaja kujificha kwenye msuli wangu. Jogoo akawika mara moja, akarudi kulala.

"Mnaona?" akasema mjumbe. "Hata kuku wenyewe wanamkataa."

"Eee," wakaitika majirani, na yule wa mwiko.

Hapo heshima ikaniishia. Nikamwambia mjumbe, hiyo ndiyo kazi ya kuku! Wewe ukiingizwa nyumba ya watu saa sita usiku, matochi machoni, utapokewa kwa maandazi? Mgeni lazima adonolewe! Ndiyo maana nilikuwa nawaingiza gizani, ndiyo maana nimelala macho wiki zote hizi na wavu na mchicha na magamba ya konokono, kazi yote mmeniharibia kwa betri zenu! Mnorwe kaandika!

"Mnorwe gani?" akauliza mwenye daftari.

"Mnorwe wa kuku!"

"Kwa hiyo mko wawili." Na kijana mmoja akaazima tochi yangu akaenda kumtafuta Mnorwe nyuma ya choo.

Wakamgongea mama watoto. Akatoka na khanga zake mbili, katulia. "Mama, shikamoo. Huyu mzee unamjua?" Akanitazama kuanzia manyoya ya kichwani mpaka kwenye msuli. Akafikiri. Jamani, ndoa yote hii, watoto wote wale, na alifikiri. "Namjua," akasema.

"Na hawa kuku?"

"Hao siwajui."

Ikaandikwa.

Aliyeniokoa ni mjukuu wangu, kaamshwa na kelele, katoka analia: "Babu, wamempiga Pendo!" Kumbe matemba wote keshawapa majina. Akamshika mjumbe mkono akampeleka stoo kumwonyesha Neema na Zawadi. Mjumbe akaingia stoo gizani na ndala zake, akakanyaga ushahidi, akatoka ameridhika. Hakuna aliyeniomba radhi. Mjumbe alisema tu nikiwa na shughuli za usiku niwe natoa taarifa mapema. Nitoe taarifa! Nakwenda kulaza kuku, niandike barua, niweke na nakala?

Pendo kisogo nimempaka dawa ya zambarau, maana kuku akiona damu nyekundu haachi mpaka atoboe. Wamerudi nyuma ya wavu, nasubiri waongezeke mwili kidogo angalau walingane na yule mnyonge. Kishingo ameendelea na tk, tk, tk. Mama watoto anasema mkaa sasa unanuka, na chai inatoka na harufu, mimi siisikii.

Ila kinachoniuma zaidi ni ile tochi. Imerudi kutoka kumtafuta Mnorwe haina mwanga hata wa kuona kidole. Betri nilizinunua juzi! Nikaenda kwa Mangi wa dukani, nikamwambia betri zako hazidumu. Akaniambia, "Mzee, hizo ni za rimoti, siyo za tochi." Betri ya rimoti na betri ya tochi si ile ile moja, inaingia tundu lile lile? Ananiuzia nyingine, chenji hana, ananipa pipi. Kila siku chenji hana. Mkate, pipi. Sabuni, pipi. Mimi nina sukari, daktari kanikataza hata chungwa, na nyumbani nina pipi kopo zima. Nikasema leo ngoja. Nikaagiza kiberiti, nikamhesabia pipi juu ya kaunta, moja moja, na karatasi zake hazijachanika. Mangi akazitazama, akanirudishia zote.

"Mzee," akasema, "pipi siyo hela."