Toleo la Kifahari Linalonong'onwa: Kabla ya Ngozi, Ulizia Ekseli

Tetesi za toleo jipya la kifahari la SUV kubwa mara nyingi huanza na jina. Mtu mwenye subira anapekua rejesta ya alama za biashara ya Marekani, anakuta kampuni ya magari imeomba kusajili neno lenye mlio wa kifalme, na kabla jua halijazama mashabiki wameshalijenga gari zima vichwani mwao: ngozi laini mpaka siti za nyuma kabisa, skrini kila upande, rimu za inchi 22. Kuna wanaoahirisha kununua gari ambalo walishalipigia hesabu. Kuna wanaolibeza kabla halijazaliwa, wakisema ni gari lile lile lililovalishwa suti.

Kila upande una haki yake, na nitaueleza. Lakini msimamo wangu niuweke wazi mapema: tetesi ya aina hii ina thamani pale inapogusa kilicho chini ya sakafu. Ikiishia kwenye jina, ngozi na mapambo yanayong'aa, inatuambia kuwa kampuni inatafuta faida zaidi, basi.

Tuanze na ushahidi wenyewe, maana fununu hazilingani uzito. Jina lililoombwa kusajiliwa ni ushahidi dhaifu sana. Sheria ya Marekani inairuhusu kampuni kuomba jina kwa nia tu ya kulitumia baadaye. Ombi likikubaliwa, kampuni inapewa miezi 6 ya kuonyesha kwamba jina linatumika sokoni, na inaweza kuomba nyongeza mpaka ifike miezi 36. Katika muda huo wote jina linaweza kufia kabatini bila mtu yeyote kudaiwa maelezo.

Ushahidi wenye nguvu ni ule unaotokana na wajibu wa kisheria. Kila gari lina namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17, na mtengenezaji anayeuza Marekani anatakiwa kuipa mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, ufafanuzi wa jinsi ya kuisoma, angalau siku 60 kabla ya kuanza kuuza gari husika. Toleo jipya au injini mpya ikionekana humo, hapo pana jambo. China nayo, wizara inayosimamia viwanda huchapisha picha na vipimo vya magari yaliyoidhinishwa kabla hayajaingia sokoni. Picha za gari la majaribio lililofunikwa karatasi za michoro ziko katikati: zinathibitisha kwamba kitu kinajaribiwa, lakini kama kitauzwa, na kwa jina gani, hazisemi.

Sasa upande wa wanaolisubiri. Historia inawaunga mkono kuliko wapinzani wanavyokubali. Range Rover ilitoka mwaka 1970 ikiwa gari la kazi na shamba lenye heshima kidogo. Mwaka 1981 likaja toleo maalumu lililoitwa In Vogue, na kufikia 1984 Vogue ikawa daraja la kudumu, yaani ngazi ya ubora ya gari hilo. Leo wapo wanaolitaja gari hilo kwa jina la daraja peke yake, kana kwamba ndilo jina lake la kuzaliwa. GMC, chapa ya kampuni ya General Motors (GM), nayo ilianza kuuza Yukon Denali, daraja la juu la SUV yake ya Yukon, kama gari la mwaka 1999, kipindi kile kile Cadillac, chapa nyingine ya GM, ilipoleta Escalade ya kwanza ambayo ilifanana mno na Denali hiyo. Wote wawili walikuwa wanaikimbiza Lincoln Navigator, iliyokuwa imewatangulia sokoni.

Na si kweli kwamba daraja la juu siku zote ni mapambo. Katika Yukon ya mwaka 2021, Denali ilikuja na injini ya V8 ya lita 6.2 yenye nguvu za farasi 420, wakati madaraja ya chini yalianza na ya lita 5.3 yenye nguvu 355. Mercedes-Maybach GLS 600, iliyozinduliwa Novemba 2019, iling'oa kabisa safu ya tatu ili abiria wa nyuma wapate nafasi ya kujinyoosha. Huo ni uamuzi mzito, kwa sababu gari linabadilisha kazi yake, na anayelinunua anajua anachokilipia.

Lakini niruhusu nikae kidogo kwenye jambo moja linaloamua raha ya SUV kubwa kuliko ngozi yoyote: ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaobeba tairi mbili za nyuma. Yukon na ndugu zake wa GM, yaani Tahoe, Suburban na hata Escalade, za kabla ya mwaka 2021 zilikuwa na ekseli nzima ya kipande kimoja nyuma. Tairi la kushoto likipanda tuta, ekseli yote inapanda nalo, kwa hiyo lazima iachiwe nafasi ya kupanda na kushuka, na nafasi hiyo inaibiwa kutoka kwenye sakafu. Matokeo yake aliyapata abiria wa safu ya tatu. Sakafu ilikuwa juu, siti iko chini, magoti yanakaribia kifua. Ungeweza kununua Denali yenye ngozi bora kuliko zote, lakini mtu mzima aliyekaa nyuma kabisa alisafiri amejikunja vile vile.

Ford Expedition ilikuwa imeachana na mpangilio huo tangu gari la mwaka 2003, kila tairi la nyuma likajitegemea, sakafu ikashuka. Ina maana kwa karibu miaka 18, abiria wa nyuma kabisa kwenye Expedition ya kawaida alikuwa na sakafu ya chini kuliko yule wa Escalade ya bei kubwa. GM ilipobadilisha chasisi, yaani fremu ya chini inayolibeba gari, na kuleta mfumo huo wa tairi kujitegemea kwa gari la mwaka 2021, nafuu ilienda kwa kila mnunuzi, mpaka wa daraja la chini kabisa. Ndiyo maana nikisikia fununu ya toleo jipya, la kwanza ninalouliza ni kama chasisi ni ile ile. Kama ni ile ile, basi siti ya nyuma haina muujiza unaokuja.

Wapinzani wana hoja nyingine ya pesa, nayo ni ya kweli. Chasisi, injini na majaribio ya ajali vimeshagharamiwa na toleo la kawaida. Ngozi, mbao na vizuia kelele vinagharimu sehemu ndogo tu ya tofauti ya bei inayowekwa juu yake, kwa hiyo daraja la juu ndilo lenye faida nono. Kampuni ikishaonja, haiachi. GMC ilikuwa na Denali kama kilele kwa zaidi ya miaka 20, kisha kwa gari la mwaka 2023 ikaleta Denali Ultimate. Aliyenunua kilele mwaka mmoja kabla akajikuta ngazi ya pili bila gari lake kupungukiwa chochote.

Daraja la juu pia halimaanishi uimara zaidi. Aprili 2025 GM iliita yarudishwe kukaguliwa magari karibu 600,000 nchini Marekani ya miaka 2021 hadi 2024 yenye ile injini ya lita 6.2, kwa sababu ya hitilafu za krenkshafti na koneksheni rodi, vyuma vinavyozunguka na kusukumana ndani ya injini, zinazoweza kuua injini barabarani. Ya lita 5.3 haikuwemo. Sisemi anasa ndiyo iliyoharibu injini. Nasema aliyelipa zaidi alipata injini yenye nguvu zaidi, na tatizo likaja nayo. Rimu kubwa nazo zina gharama yake: tairi inakuwa nyembamba ubavuni, mashimo yanagonga moja kwa moja kwenye kiuno cha dereva, na ndipo mfumo wa springi za hewa unapohitajika ili kurudisha ulaini ulioondolewa na rimu zenyewe.

Kwa hiyo mwenye gari zima linalotembea vizuri, anayebeba watu wazima safu ya tatu, na aliyesikia fununu inayotaja chasisi au mfumo mpya wa springi kutoka kwenye nyaraka za kisheria, huyo ana sababu ya kusubiri. Aliyesikia jina na rangi ya ngozi tu anunue lililopo, tena abane bei, kwa kuwa wauzaji hulegea toleo jipya linapokaribia na magari ya zamani bado yamejaa uwanjani. Na muuzaji akiomba arubuni kwa gari ambalo kampuni haijalitangaza wala kulipangia bei, asipewe, isipokuwa ameandika na kusaini kwamba pesa yote itarudi toleo hilo lisipokuja.