Mnatuma mikono, halafu mnatuma vokali

Tarehe 23 Septemba grupu yetu ya WhatsApp ya avenyu, hapa Goma, ilijaa mikono. 🤟🤟🤟, safu kwa safu, pamoja na maneno "Tuko na ndugu zetu viziwi". Nilifurahi, maana miaka ya nyuma Siku ya Kimataifa ya Lugha za Ishara ilikuwa inapita kwetu bila mtu kuitaja. Jioni, papa mmoja tunayemheshimu, yule aliyetuma safu ndefu kuliko wote, akatuma vokali, yaani ujumbe wa sauti, ya dakika nne: maji yatapatikana wapi kesho, saa ngapi, bidoni bei gani. Ndani ya grupu hiyo kuna dada mmoja, fundi wa kushona, kiziwi tangu utoto. Akaandika: "Papa, munasema nini?" Kimya. Akauliza tena. Mtu akamjibu kwa 🤟.

Hapo hasira ilinishika, na mpaka leo haijaniachia.

Mkono huo una asili yake. Umetoka katika lugha ya ishara ya Marekani: kidole cha mwisho ni herufi I, gumba na kidole cha shahada ni L, gumba na kidole cha mwisho ni Y, herufi za kwanza za "nakupenda" kwa Kiingereza. Uliingia kwenye emoji mwaka 2017. Nusu ya grupu hata haikutuma huo. Ilituma 🤘, ule wa mashabiki wa muziki wa roki, gumba limefungwa. Kwa mtu anayezungumza kwa mikono, gumba likifungwa ama likifunguliwa neno linabadilika.

Kutoka Marekani si kosa. Ishara zinazofundishwa katika shule nyingi za viziwi za Kongo zina mizizi huko huko. Andrew Foster, kiziwi, Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi cha Marekani, akiwa kiziwi, mwaka 1954, alianzisha shule Ghana mwaka 1957 akaendelea hadi nchi 13 za Afrika. Alifundisha kwa ishara wakati ambapo watoto viziwi wengi duniani walikuwa bado wanalazimishwa kusoma midomo tu. Alikufa katika ajali ya ndege Rwanda, Desemba 1987. Nchi hiyo tunaiona kutoka barabarani kwetu, na jina la mtu huyu ni wachache hapa wanaolijua.

Lakini Foster alileta lugha, na lugha ya ishara inatembea. Tangu mwaka 1960 William Stokoe, mtaalamu wa lugha, alionyesha kwamba ishara ina viungo vyake: umbo la mkono, mahali unapokaa, na jinsi unavyosogea. Ondoa kusogea, umebaki na kidole hewani. Halafu kuna uso. Katika lugha nyingi za ishara, nyusi zikipanda, habari inageuka kuwa swali. Tazameni 🧏. Ishara yenyewe, ya neno "kiziwi", ni kidole kinachotoka karibu na sikio kwenda karibu na mdomo. Kwenye simu kimeganda sikioni, na nimeona watu wazima wakiitumia kusema "ndiyo, nakusikia". Vijana nao wanaiunganisha na 🤫 kujisifia umbo la taya zao. Kiziwi hayumo tena kabisa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba picha hiyo haikuchorwa ovyo. Apple iliipendekeza mwaka 2018 baada ya kushauriana na chama cha viziwi cha Marekani, ikatoka mwaka 2019 pamoja na sikio lenye kifaa cha kusikia. Mtoto kiziwi akijikuta ndani ya simu, ni jambo zuri. Waitumie wenyewe wanavyotaka.

Ila sisi tunaosikia tunaitumia kujiridhisha. Tukishatuma mkono tunaona tumeshazungumza na kiziwi, kisha tunamfungia mlango kwa vokali. Na mji huu unaishi kwa vokali! Msiba, maji, usalama, barabara gani isipitwe usiku: yote ni sauti. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, amri ya kuhama ilipotangazwa asubuhi, dada huyu alijua kwa kuona majirani wanafunga magodoro. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, sisi tulikuwa tunapima kwa masikio kama risasi ziko mbali ama karibu. Yeye alikuwa anaweka kiganja ukutani. Vokali za kuonya zilikuwa zinaanguka kwenye simu yake moja baada ya nyingine, na hakuna aliyemwandikia hata mstari mmoja. Mtu akipigiwa kelele "simama!" kutoka nyuma, na hasikii, mnajua kinachoweza kutokea.

Najua, si kila mtu anaandika vizuri. Na viziwi wengi hawakupelekwa shuleni, kwa hiyo hata maandishi hayawatoshi wote. Basi piga picha ya bomba, onyesha saa kwa vidole, jirekodi uso ukiangalia mwanga. Video inakula mega, ni kweli, na dada huyu anazilipa kila wiki. Akiongea na wenzake kwa video anaegemeza simu kwenye cherehani ili mikono yote miwili iwe huru.

Sheria tunayo, ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Katiba inataja lugha nne za taifa. Ya ishara haimo. Hayo tuwasukume wabunge.

Kwenye avenyu hatuhitaji mbunge. Nimependekeza tuchange, tumlipe mwalimu kiziwi atufundishe kila Jumapili baada ya ibada: maji, hatari, kimbia, ngoja, unaumwa wapi. Shefu wa avenyu amekubali. Chumba nitatoa mimi, viti havitoshi. Mwenye benchi alete. Na mtakaokuja, muulize kwa maandishi, maana mwalimu hatapokea vokali.