Aliyekufa 1981 Alinijibu Menengai

Ukitaka kuongea na Norwe kwa setilaiti ya redio za ridhaa ukiwa Nakuru mjini, adui yako wa kwanza ni milima. Ndiyo maana mimi na mpwa wangu tulipanda hadi ukingo wa kreta ya Menengai, mita 2,278 juu ya bahari, tukaelekea kaskazini, kule Bonde la Ufa linakoteremkia Baringo.

Hesabu yenyewe ni hii. AO-7, setilaiti yenyewe tuliyoilenga, hupita kimo cha kilomita 1,450 hivi. Watu wawili wanaoiona kwa wakati mmoja hawawezi kutengana zaidi ya kilomita 7,900 hivi, na wakifika huko kila mmoja anaiona ikichungulia tu kwenye upeo wa macho, sekunde chache, basi. Tromsø, juu kabisa Norwe, iko karibu kilomita 7,870 kutoka Menengai. Nilikuwa nimepatana na jamaa wa huko kwa barua pepe.

Sasa, hii AO-7 ina historia. Ilirushwa Novemba 1974, ikanyamaza 1981 betri ilipopiga shoti. Watu wakaizika. Mwaka 2002 ikasikika tena! Ile shoti ilikuwa imekatika yenyewe, paneli za jua zikawa zinailisha moja kwa moja. Ikiingia kivulini inazima, ikirudi juani inaamka. Shikilia hapo.

Antena niliiunda mwenyewe kwa mpini wa mopu na fito za alumini. Fito ndefu, za kusikilizia megahezi 145, zimelala. Fupi, za kurushia megahezi 432, zimesimama. Ncha zote nimezivalisha vipande vya malapa kuukuu ili nisimtoboe mtu jicho. Ukiiinua juu, mimi naona antena. Waumini waliokuwa wakipanda kutoka mapangoni, wakiwa kwenye mfungo wa maombi, waliona kitu kingine.

"Bwana asifiwe, ndugu."

"Asifiwe sana, Mchungaji."

"Na huo msalaba wenye mikono mingi, unaombea nini?"

"Siombi, Mchungaji. Naongea na mtu wa mbali kupitia hii ya juu." Nikaonyesha angani. Halafu, kwa kuwa jambo hili hunifurahisha sana, nikaongeza: "Ilikufa 1981, ikafufuka 2002. Inaishi kwa mwanga wa jua."

Nilisema kweli tupu. Mchungaji alirudi nyuma hatua moja. Nyuma yangu mvuke ulikuwa ukifuka kutoka kwenye visima vya jotoardhi vya kule shimoni, na naamini haukunisaidia.

"Anko, imebaki dakika moja!" mpwa akaita.

Hedifoni zilikuwa zimekufa waya njiani, kwa hiyo tulikuwa na spika. Mara kukasikika mkwaruzo, kisha sauti ya mtu, nyembamba, inapanda na kushuka, kwa sababu setilaiti inakuja kwa kasi na masafa ya redio yanateleza mpaka uyafukuze kwa kinobu. Kabla hujaifikia sawasawa, sauti hiyo ni kama ya mtu aliyefungiwa mtungini.

"Uuuwi! Limejibu!" mama mmoja akapiga yowe.

Nikabonyeza kitufe, nikataja kitambulisho changu, nikafuatisha gridi, yaani msimbo wa eneo nilipo, KI89, herufi zikitamkwa kiredio: "Kilo India nane tisa! Kilo India nane tisa!"

"Kilo?" kijana mmoja akauliza. "Za nini kutoka India?"

Hapo mkono wa Mchungaji ukatua kichwani mwangu. "Shindwa!" Na umati wote: "SHINDWA!" Kidole changu bado kiko kwenye kitufe.

Tatizo la setilaiti ya aina hii ni kwamba unajisikia mwenyewe papo hapo. Chochote unachorusha kinarudi. Kwa hiyo lile "Shindwa!" lilikwea hadi AO-7, likashuka, likatoka kwenye spika yetu kwa ile sauti ya mtungini: *shindwaaa*.

Wote wakatulia. Shetani amekemewa, na yeye amekemea!

Mama yule akavua kiatu. Mchungaji akakamata antena akitaka kuivunjilia mbali, mimi nikang'ang'ania mpini, tukazunguka pale ukingoni tukivutana huku mpwa akilia, "Kushoto, Anko! Kaskazini ni kushoto!" Kwenye mzunguko mmoja antena ilipita penyewe, nikasikia "Juliett Papa tisa tisa", gridi ya Tromsø, safi kabisa. Kisha kimya. Setilaiti ilikuwa imezama.

Mchungaji aliachilia mpini, akafuta jasho, akawatangazia watu kwamba limetoka.

Jioni barua pepe ikaingia. Jamaa alikuwa amenipata vizuri, gridi KI89 ameiandika, na kadi ya kuthibitisha anaituma. Aliomba nihakikishe tu herufi za jina langu: S-H-I-N-D-W-A. Na chini kabisa, pongezi kwa chama chetu cha redio, maana hajawahi kusikia wanachama wengi namna hiyo kwenye kituo kimoja.