Nilimtuma mshenga akaseme nataka kuacha chuo

Kwetu Korogwe mtoto hamwendei baba yake mkavu mkavu na jambo zito. Unatafuta mtu. Ukitaka kuoa unatafuta mtu, ukiuza kwa siri shamba ulilopewa unatafuta mtu, na mimi nilipotaka kuacha chuo nikashike kazi Kariakoo, nikatafuta mtu. Mtu mwenyewe ni Mjomba, kaka yake mama. Mjomba anauza mahindi ya jumla, lakini anachojulikana nacho mjini ni ushenga. Nusu ya ndoa za Manundu zimepita mdomoni mwake. Ana koti la ushenga na kofia ya ushenga, na akishavaa hivyo viwili hawezi tena kutamka neno lililonyooka, hata umuulize saa ngapi.

Nilikuwa mwaka wa pili, chuo kimoja Dar es Salaam, nikisomea uhasibu. Mkopo wa Bodi ya Mikopo nilikuwa nao, na bumu, ile hela ya kujikimu, lilishapandishwa kuwa shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi. Hiyo ni kwa maandishi. Kwa vitendo linaingia kwa mkupuo, wiki ya kwanza chuo kizima kinakula kuku, na wiki za mwisho unajikuta unawasalimia hata watu usiowapenda, maadamu wana jiko la gesi. Ndivyo nilivyoangukia mtaa wa Aggrey, kwenye fremu ya jamaa anayetengeneza simu.

Nilianza kwa kubandika protekta. Baadaye nikafundishwa vioo, na hapo ndipo chuo kiliponipotea. Unailaza simu juu ya kibamba cha moto mpaka gundi ilegee, unapitisha waya mwembamba kama unywele kati ya kioo kilichopasuka na displei, unauvuta taratibu huku umebana pumzi. Mkono ukicheza, displei inachora mistari ya kijani na tayari unadaiwa simu ya watu. Ukipatia, kioo kinabanduka, unafuta gundi ya zamani, unabandika kipya, mwenye simu anatabasamu na hela inaingia mfukoni siku hiyo hiyo. Darasani nako nilikuwa nakokotoa uchakavu wa mashine za kampuni ambayo haipo. Siku moja tajiri akaniambia, "Dogo, kama ni kuja, njoo moja kwa moja. Hii ya kuja na kuondoka inanichanganya."

Sasa nani amwambie Baba?

Inabidi mumfahamu Baba. Ni mwalimu mstaafu, aliingia ualimu kwa mlango wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka ifikapo 1977 kila mtoto awe shuleni, walimu hawakutosha, serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba ikawafundisha kufundisha. Baba akafundisha mpaka akastaafu, na miaka yote hiyo wenye vyeti vikubwa wakimtania kwamba UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Alikuwa anacheka nao. Lakini mimi nilipopata chuo, alikwenda kwa fundi akachongesha fremu ya picha ya mahafali, ya mninga, akaitundika sebuleni. Tupu. Mgeni akiuliza ni ya nani, anajibiwa, "Anakuja huyo, yuko mwaka wa pili."

Kwa hiyo nilikata tiketi stendi ya Magufuli, nikateremka Korogwe na fuko la machungwa ya Segera, moja kwa moja kwa Mjomba. Nikamweleza kila kitu. Akasikiliza, akadai kifungua mdomo, nikampa, akaenda kuvaa koti.

"Mjomba, koti la nini? Hii si posa."

"Jambo ni jambo," akasema, na kofia nayo akaichukua.

Mama alikuwa sokoni. Nikajibanza jikoni, ukuta mmoja na sebule, nikasikia yote. Na niseme ukweli, kwa masikio yangu mimi Mjomba alikuwa anafanya kazi nzuri sana.

"Shemeji," alianza, baada ya salamu zilizomaliza chai nzima, "kijana wako huko mjini ameonja asali."

"Asali gani?"

"Ya mjini. Alianza kwa kuchezea, jioni jioni na Jumamosi. Sasa imemkolea, hata daftari halishikiki."

Kimya. Nikasikia kikombe kinawekwa chini.

"Tangu lini?"

"Huu mwezi wa tano."

"Wa tano!" Sauti ya Baba ilipanda kama ya zile siku za mistarini. "Na wenyewe wanajua?"

"Mwenye mali anajua, na ameridhika naye. Anachotaka ni kimoja tu: kama ni kuja, kijana aje moja kwa moja, asiwe wa kuja na kuondoka."

"Ana haki. Na majirani?"

"Shemeji, mtaa mzima unamjua. Wanamwita Fundi."

Hapo Baba alikohoa sana, mpaka Mjomba akaomba maji.

Nikaitwa. Baba alikuwa amekaa chini ya ile fremu tupu, macho kwenye zulia. "Nimesikia yote," akasema. "Sikupigi, umeshakuwa mtu mzima, umejionyesha mwenyewe. Chuo utaacha, utafanya kazi. Ulianza bila kuniuliza, utabeba bila kunitegemea."

Ndugu zangu, nilikuwa nimejiandaa kwa kulia, kwa kulaaniwa, hata kwa kulala stendi. "Ahsante sana, Baba," nikasema, kwa moyo wangu wote.

Akaniangalia kwa muda mrefu. "Mama yako asikusikie unashukuru."

Mama aliporudi waliongea chumbani, akatoka macho mekundu, hakunisemesha. Nikajua ni uchungu wa chuo. Usiku tukala bada na samaki, kimya kimya, mpaka Bibi, mama yake Baba, alipojisogeza mkekani upande wangu. Bibi ananiita mume wake tangu nazaliwa.

"Mume wangu," akaninong'oneza, "kumbe umeniletea mke mwenza na husemi. Bado anatapika?"

"Nani, Bibi?"

"Huyo wa miezi mitano."

Tonge lilinikaa kooni. Mazungumzo yote ya Mjomba yakapita tena kichwani, neno kwa neno, na safari hii niliyasikia kwa masikio ya Baba.

Muungwana angesimama palepale aseme. Mimi nilikwenda kulala, nikapiga hesabu kama nilivyofundishwa. Upande huu: ruhusa ninayo, imetolewa mbele ya shahidi mwenye koti. Upande ule: baada ya miezi minne Bibi atataka kumwona mtoto. Nikajiambia hilo ni deni ambalo halijaiva, na deni ambalo halijaiva halimkoseshi mtu usingizi usiku wa leo. Nikalala vizuri tu.

Asubuhi nikaamshwa na jogoo. Si wetu. Alikuwa amefungwa kamba mguu wa kochi sebuleni, na pembeni yake alikuwa Shangazi kutoka Muheza, aliyepanda basi la kwanza na doti ya khanga, unga wa uji wa lishe na maswali. Binti ni wa kabila gani? Wazazi wake ni watu wa dini? Yuko chuoni au yuko kwao? Kila swali nililijibu kwa kuangalia jogoo. Kumbe kikao kilishafanyika bila mimi: ujumbe wa watu wanne uende Dar, ukaombe radhi, ukatoe faini, ukamchukue mkamwana alelewe mimba huku kwenye hewa nzuri. Nauli ilishapigiwa hesabu. Baba alikuwa ameshamwita mnunuzi wa mbuzi.

"Lakini huwezi kwenda kwa watu bila taarifa," Baba akasema. "Walau nimpigie mwenye binti."

"Namba ya mwenye mali ninayo," akadakia Mjomba. Alikuwa nayo kweli, nilimpa mwenyewe, ikitokea Baba anataka uhakika kwamba kazi ipo. Nikainuka, nikasema naenda chooni.

"Kaa," akasema Baba.

Simu ikawekwa sauti kubwa, mezani, katikati ya ukoo.

"Mzee wangu, shikamoo," akasema tajiri. Nyuma yake ilisikika Kariakoo, mikokoteni na watu wa spika.

"Marahaba. Mimi ndiye baba wa huyu kijana. Nimesikia habari zake huko kwako. Nakupigia kukwambia sisi si watu wa kukimbia."

"Ah, mzee, mbona mimi sina neno! Kijana wako ana mkono mwepesi, sijaona. Mwaka mzima nilihangaika na wengine, wananiharibia tu. Huyu akigusa, kimekwisha."

Shangazi alijifunika khanga usoni.

"Nasikitika," akasema Baba, kwa shida.

"Usisikitike, mzee! Nina mabinti wawili pale, wote wamepitia mikononi mwake."

"WAWILI?"

"Wawili. Na alikuwa hachoki, mpaka saa tatu usiku anawaelekeza."

Bibi akapiga kigelegele, halafu akakumbuka yuko wapi. Mama akasema, "Mungu wangu," akakaa chini. Baba alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Hata jogoo alinyamaza. Nikafungua mdomo niseme, sauti haikutoka.

"Kwa hiyo," Baba akaendelea, sasa kwa sauti ndogo kabisa, "hao... mabinti... wana hali gani?"

"Wazima! Mmoja sasa anabadilisha mwenyewe, wa pili bado anavunja vunja."

"Anavunja nini?"

"Vioo, mzee. Vioo vya simu. Kwani tunaongelea nini?"

Nimewahi kukaa mitihani, nimewahi kukaa na mwenye simu ambayo displei yake nimeiua. Kimya kama kile sijakaa nacho. Kila mtu alimgeukia Mjomba.

Mjomba akavua kofia, akaikagua ndani. "Mimi nilisema mimba?" akauliza. "Hapa kuna aliyenisikia nikisema mimba?"

Na kweli, hakusema. Hilo ndilo linaloudhi kwa Mjomba, huwezi kumshitaki popote.

Baba akacheka. Alicheka mpaka akafuta machozi, akamshukuru tajiri, akakata simu, akanigeukia akiwa ameshamaliza kucheka. "Ruhusa ile ilikuwa ya mtoto," akasema. "Mtoto hayupo, ruhusa haipo. Jumatatu uko darasani."

Nikajitetea kwa yote niliyokuwa nayo: waliomaliza digrii wanazunguka na bahasha, vioo vinalipa kila siku. Baba akanikumbusha kwamba deni la Bodi halijui mtu aliyeacha chuo, linakufuata uwe na joho au usiwe nalo, akamtaja binamu yangu mwalimu wa sekondari anayekatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. "Huyo anakatwa ana digrii. Wewe utakatwa una waya."

Aliyeniokoa ni Mama, ambaye tangu jana alikuwa hajaniambia neno. "Mwalimu," akasema, "si ni wewe uliyekuwa ukitusomea hapa hilo Azimio lenu la Musoma? Kwamba kijana akitoka kidato cha sita asikimbilie chuo kikuu, akafanye kazi kwanza miaka miwili, watu wamwone?"

Kweli lilisema hivyo, na Baba asingeweza kulikana Azimio lililompa kazi. Alizunguka sebule nzima kutafuta upenyo. "Lilisema kazi, halafu chuo," akasema mwishowe. "Halikusema chuo, halafu kazi, halafu kupotea."

"Basi aahirishe mwaka mmoja," Mama akasema. "Chuo si wanaruhusu kuahirisha?"

Wanaruhusu. Unaandika barua kabla ya muda wao kupita, unataja sababu, ukikubaliwa nafasi yako inakungoja. Wakabishana mpaka mchana, na kwa kuwa Shangazi alikuwa ameshachoka kungoja, jogoo alichinjwa. Khanga zilirudi Muheza. Mjomba alikula paja, akasema mradi jambo limefikishwa, yeye hadaiwi kurudisha kifungua mdomo.

Jioni nikaandika barua. Baba akaiomba, akavaa miwani, na kutoka kwenye mfuko wa shati akachomoa kalamu nyekundu, mstaafu lakini kalamu bado anatembea nayo. Akasahihisha anwani, akanitoa alama kwa kutopigia mstari kwenye "YAH", akarekebisha nukta mbili tatu. Alipofika aya ya pili, nilipoandika kwamba naomba kuahirisha masomo kutokana na majukumu ya kifamilia, akazungushia duara, akaandika pembeni kwa mwandiko wake wa ubaoni: "Familia gani tena?"